Ndege Mia na Hamsini Kabla ya Mvua

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye, karakanani, kanisani, hata kwenye foleni ya bomba, ananiuliza swali lile lile: "Baba Monika, ulimuona ao haukumuona?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja amesikia habari za kamio iliyovunjika, mwingine amesikia kwamba nilikamatwa na mwanamke nikafanyishwa kazi, na maneno yamekwisha haribikia njiani. Basi nayaandika yote mara moja. Someni, mniache nipumue. Habari za ruhusa, mihuri na karatasi nitaziruka. Mnazijua wenyewe, na hakuna ndege ndani yake.

Kwa yule ambaye hanijui vizuri: mimi ni seremala wa mabehewa hapa Élisabethville, mzaliwa wa kambi ya reli. Nina mke, nina binti, na nina darubini ambayo binamu yangu aliniletea kutoka vita vya Abisinia. Darubini hiyo ndiyo iliyonitia wazimu. Jumapili wenzangu wanakwenda kwenye mpira, mimi nakwenda mtoni au kwenye vichaka nyuma ya machimbo ya Ruashi, nalala kifudifudi na suruali ya misa.

Miaka mitatu iliyopita niliapa kuona aina mia na hamsini za ndege, hapa hapa Katanga, ndani ya mwaka mmoja. Mwaka wangu si ule wa kalenda. Unaanza siku mvua ya kwanza inaponinyeshea, na unakwisha mvua ya kwanza ya msimu unaofuata inaponinyeshea tena, popote nilipo. Mwaka ule wa kwanza nilifika tisini, nikatangaza mezani kwa wakwe, na shemeji yangu akasema neno moja tu: "Bongo." Uongo! Mimi! Ndipo nikaongeza sheria: kila ndege lazima aonwe na mtu mwingine pamoja nami, mtu huyo anitajie jina la ndege kama linavyosemwa kwao, kisha atie sahihi yake daftarini, au alama ya kidole kama hakusoma. Sheria hiyo nilijitungia mwenyewe, kwa hasira, na imenitesa kuliko homa.

Mwaka wa pili nikakwama kwenye mia na thelathini na moja. Mama Monika, mke wangu, akanikalisha chini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Mwaka ya tatu njo ya mwisho. Mvua ikikukuta haujafika, ile darubini unampatia ndugu yangu, na Jumapili unakaa na shiye sawa bantu bengine." Nikakubali mbele ya shemeji, naye akaanza papo hapo kuuliza kama darubini ina mkoba wake.

Mwezi wa kumi ulipoanza nilikuwa na mia na arobaini na nane. Wawili tu! Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuwa ameniambia kwamba huko Pweto, kaskazini ya ziwa Mweru, kuna ndege ambaye mdomo wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu, na huvua kwa kuyakata maji akiruka. Karakana nzima ilicheka. Nikaomba likizo yangu yote, nikaondoka.

Élisabethville hadi Kasenga, juu ya barafu

Nilisafiri na kamio, lori la Mgiriki mmoja anayenunua samaki Kasenga. Inakwenda na barafu, inarudi na samaki. Mahali pangu palikuwa juu ya ile barafu, iliyofunikwa unga wa mbao na magunia. Jua la mwezi wa kumi linapasua kichwa, na chini makalio yameganda. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuugua joto na baridi kwa wakati mmoja bila malaria.

Dereva aliitwa Musa, mtu wa asili ya Maniema, Mwislamu mwenye kofia safi ambayo haikupata doa hata moja safari nzima. Katikati ya pori, springi ya nyuma ikavunjika. Musa hakushangaa. Alikata mti, akauchonga, akaanza kuufunga kwa kamba za magome, amelala chini ya gari huku barafu ikimdondokea tumboni. Mimi seremala nikamshauri kuhusu mti ule. Akanijibu bila kutoka, "Baba Monika, mi niko natengeneza kamio, we uko naangalia juu. Endelea tu kuangalia juu."

Tulikaa pale tangu saa sita mchana. Tulikula bukari, ugali wetu, na bitoyo, wale samaki wa chumvi ambao hata ukiwaosha mara tatu wanakukausha ulimi, tukanywa chai yake ya tangawizi. Jua likazama. Nilikuwa nakunja magunia, mara kitu kikapita juu ya barabara bila sauti: ndege wa kahawia, na kila bawa linavuta unyoya mmoja mweupe, mrefu mara mbili ya mwili wake, unaopeperuka nyuma. Alikwenda, akageuka, akarudi. Sikuwahi kumuona maishani.

"Musa! Toka! Toka mbio!"

Musa akatoa kichwa, akaona, akakirudisha. "Funga macho! Ile haiko ndege. Ile ni kitu ya uchawi, bantu banaituma!"

Hebu fikirini. Ndege wa mia na arobaini na tisa anacheza mbele yangu, na shahidi pekee katika pori lile zima amejificha chini ya gari. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamsihi. "Musa ndugu yangu, angalia kwanza, utafunga kisha."

Akatoka polepole, ameziba uso kwa mkono, jicho moja linachungulia kati ya vidole. Ndege akatua barabarani, akakunja mabawa, yale manyoya yakalala mavumbini pande zote mbili. Nilimpa Musa darubini. Aliiweka machoni. Kisha akasema, "Kumbe! Ni ndege tu. Na maringo yake!" Na darubini hakunirudishia mpaka giza lilipoingia kabisa.

Jina la ndege alilonipa ni lile alilotumia babu yake: mwenye bendera. Akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu, akachukua muda wake, akanieleza kila nukta. Nikafika Kasenga na maji ya barafu mgongoni na furaha kubwa. Mmoja tu alibaki.

Kasenga hadi ziwa Mweru, Mama Chanda ananila

Kutoka Kasenga nilipanda mashua ya mizigo iliyovutwa na nyingine ndogo yenye injini, tukateremka na mto Luapula kuelekea ziwani. Mto ulikuwa umepungua vibaya mno. Siku ya pili tukakwama kwenye mchanga. Wanaume wote majini, kusukuma, mpaka magotini, mpaka kiunoni, huku nahodha akitutukana kwa lugha nne. Tai wa samaki walikuwa wanalia juu ya miti, wari wamepanga foleni, wadiria kila mahali, na wote hao nilikwisha kuwaandika zamani. Mimi nilikuwa naangalia mashariki tu, ambako mawingu yalikuwa yanapanda.

Kati ya abiria alikuwepo mwanamke mnene mwenye mifuko ya chumvi, Mama Chanda, anayekausha samaki kwenye kambi yake karibu na Pweto. Jioni, tulipogawiwa chakula, akaniuliza, "Weye uko wa ukoo gani?"

Mimi mtu wa kambi. Mambo ya koo nayajua kwa kusikia tu. Lakini mama yangu alitoka Luapula, na huko ukoo hufuata mama. Nikajibu kwa adabu, "Ukoo wa Samaki, mama."

Hapo hapo akanyoosha mkono, akachukua samaki wangu mzima kutoka sahani yangu, akamtafuna. Nikaruka. "Mama! Juu ya nini unakula chakula yangu?"

Mashua nzima ikaangua kicheko. Yeye akafuta midomo. "Mi niko wa ukoo wa Mamba. Mamba anakula Samaki. Ukinikasirikia, unaharibu desturi ya bankambo."

Ndiyo hivyo, desturi ya mababu: koo zetu ni za utani. Mamba anaweza kumnyang'anya Samaki kitu chochote na kumtukana mbele za watu, na Samaki vilevile, na yeyote atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Nilikumbuka mama yangu akitusimulia haya, ila hakutuambia kwamba tutashinda njaa. Nikamwambia Mama Chanda kwamba ana meno machache mno kwa mamba. Alifurahi sana! Tangu pale nilikuwa mtu wake, na nilikula nusu ya kila kitu nilichopewa.

Nikamuuliza kuhusu ndege wangu. "Ule wa mudomo ya chini murefu?" akasema. "Iko kwetu, kwa muchanga, kila siku. Unatoka Élisabethville yote ile juu ya ule?" Akawageukia abiria wengine kuwaeleza, nao wakanitazama kwa huruma.

Kambi ya wavuvi, karibu na Pweto

Tulishuka kwenye ufuko wa mchanga wenye vibanda kama kumi na chanja ndefu za kukaushia samaki. Mama Chanda akanikabidhi kwa mkubwa wa wavuvi, Tata Mulenga, mtu mwembamba asiye na maneno mengi, kisha yeye akaendelea hadi Pweto kuuza chumvi. Angerudi baada ya siku mbili.

Sasa nitawaeleza upumbavu wangu, na mtacheka, chekeni. Wanaume kumi na mmoja wamekaa wanashona nyavu. Mimi, mgeni kutoka mji wa migodi, nimevaa kofia na viatu. Badala ya kukaa, kula, kuuliza habari za watoto, kwa haraka ya mvua nikafungua daftari. Nikaonyesha kurasa zilizojaa majina na alama za vidole. Nikatoa kikopo changu cha wino. Nikamwambia Tata Mulenga, "Jina yako nani? Utatia kidole hapa."

Alitazama kile kikopo. Aliweka wavu chini, akasimama kama mtu anayekwenda kujisaidia. Wa pili akamfuata. Wa tatu. Dakika chache baadaye nilikuwa peke yangu na chungu kinachochemka. Matete yalitikisika kidogo, kisha yakatulia.

Nilielewa nikiwa nimesimama pale na kidole changu kimejaa wino. Katika vijiji vile huja watu wa kuandikisha wafanyakazi wa migodi, na daftari, na wino. Unatia kidole, kesho yake uko njiani, na miaka mitatu mkeo anavua peke yake. Na mimi natoka wapi? Huko huko. Nimeishi maisha yangu yote kati ya watu walioletwa na vidole vyao, na halikunijia akilini.

Niliita. Nilipiga kelele kwamba ni ndege tu, naandika ndege! Bila shaka yule mwandikishaji naye alikuwa na uongo wake mtamu. Wake zao waliniwekea bukari na samaki wadogo wa chisense mlangoni pa kibanda, hawakunisemesha, wakaenda.

Alfajiri ya siku ya pili nikamuona. Nilikuwa nimekaa ufukweni na uchungu wangu, na wakaja wawili juu ya maji matulivu, weusi mgongoni, weupe tumboni, mdomo mwekundu. Mmoja akashusha ule mdomo wa chini, mrefu kweli kweli, akaupitisha ndani ya ziwa akiruka, na maji yakafungua mstari mwembamba nyuma yake. Walipita karibu mno hata sikuhitaji darubini. Nililia, siwafichi. Kisha nikageuka kutafuta mtu, na ufuko ulikuwa mtupu.

Haya ninayoandika sasa hata Mama Monika hakuyajua. Nilifungua daftari. Nikatia kidole changu kwenye wino. Ni nani angejua? Kidole ni kidole. Andika "Tata Mulenga", bonyeza, rudi nyumbani. Shemeji angekaa kimya maisha yake yote. Nilikishikilia kidole kile juu ya karatasi mpaka wino ukaanza kukauka, na nikaona kwamba aliyeniita mwongo angekuwa sasa amesema kweli. Nikakipangusa mchangani.

Kazi ya Samaki

Mama Chanda alirudi siku ya tatu, akakuta kambi bila wanaume na mimi kando ya kibanda. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, kwa haki ya Mamba, akaninyang'anya daftari.

"Andika hapa," akasema akifungua ukurasa mtupu. "Andika: mi, Samaki, natumika kazi ya Mama Chanda na bantu ya hii kambi, mpaka samaki yote inakauka. Utatia kidole."

"Mama, likizo yangu..."

"Tia kidole!"

Nikaandika. Nikatia. Akaung'oa ukurasa, akasimama mbele ya matete, akaupeperusha juu ya kichwa. "Mulenga! Toka! Ule bwana ya vidole, mi minamuandikisha! Eko mutumishi yetu! Kuja mumutume kazi!"

Matete yakatikisika. Halafu mtu mmoja ndani ya matete akacheka, wa pili akashindwa kujizuia, na wakatoka wote wamechafuka matope, wakauzunguka ule ukurasa. Hakuna aliyejua kusoma, lakini kidole changu walikitambua. Tata Mulenga akaulinganisha na kidole chenyewe, akanishika mkono akaugeuza. Kisha akaniamuru, bila kutabasamu, niende kukata kuni.

Nikakata kuni. Nikapasua samaki, nikatoa matumbo, nikatia chumvi, nikageuza wale wa juu ya moshi mpaka macho yakavimba. Kila mmoja alikuwa na agizo lake, na kila agizo lilikuja na kicheko. Mmoja aliniita "bwana kapita", kama msimamizi wa kazi, kila aliponipa ndoo. Nilikasirika mara moja tu, kwa sababu ya matumbo, na Mama Chanda akanikumbusha desturi. Kufika kesho yake adhuhuri walikuwa wananipa sehemu nzuri za samaki, na Tata Mulenga aliniuliza, taratibu, kama kaka yake aliyeandikishwa nimewahi kumuona huko mjini. Alinitajia jina. Sikumjua. Nilimwambia nitauliza, na nimekuwa nikiuliza.

Wingu

Alasiri hiyo hewa ilisimama. Upande wa mashariki wingu jeusi lilijaza anga, na ziwa likawa rangi ya risasi. Tata Mulenga akapiga kelele moja, na kambi nzima ikaruka: samaki wote wako nje! Mvua ikiwakuta kwenye chanja, kazi ya majuma mawili inaoza.

Tukakimbia. Mikeka, magunia, majani ya migomba, kila kitu kikatupwa juu ya chanja. Mikono yangu imejaa samaki mpaka kidevuni, kiza kimeingia saa tisa mchana kama jioni, ndipo nikawaona. Hawa ndege huvua jua linapopungua, na wingu liliwadanganya. Si wawili: kundi, kumi, kumi na tano, wamejipanga juu ya maji mbele yetu, wote midomo ziwani.

"Tazameni!" nikapayuka. "Tazameni ndege!"

Hakuna aliyegeuka. Kwani ni nini kwao? Wamewaona tangu wazaliwe. Na samaki wanasubiri. Nilisimama. Ningeweza kutupa mzigo, nikamshika mtu mmoja kwa nguvu. Mwaka wangu wa tatu, wa mwisho, ulikuwa unapita pale mbele yangu. Lakini nilikuwa nimetia kidole, na chanja mbili zilikuwa bado wazi. Nikakimbiza wale samaki ndani, nikarudi kuchukua wengine, nikarudi tena, na kila nikitoka naangalia ziwani kama bado wapo. Sijawahi kusali vile kanisani.

Tulipofunga mkeka wa mwisho, Mama Chanda akamkamata Tata Mulenga kwa sikio, mtu mzima yule, akamgeuza uso kwa ziwa. "Sasa angalia ndege ya Samaki! Anafunika samaki yako yote, na we haumuangalilie ndege yake?"

Tata Mulenga akaangalia. Wote wakaangalia. Wale ndege walikuwa wanarudi, mstari wa kwanza, mstari wa pili, maji yanakatika, na wanaume kumi na mmoja wakasema kwa mdomo mmoja: "Mukata-mayi."

Mia na hamsini! Nilimkumbatia aliyekuwa karibu, ananuka moshi, nami nanuka matumbo. Mama Chanda akachomoa daftari kiunoni mwake. Kikopo cha wino sijui kilikuwa wapi. Tata Mulenga akapangusa kidole gumba kwenye masizi ya chanja, yenye mafuta ya samaki, akakibonyeza kwenye ukurasa. Kikashika vizuri kuliko wino. Wengine nao wakasukumana kutia vyao, ingawa kimoja kingetosha, na tone la kwanza likanipiga shingoni kidole cha kumi na moja kikiwa kimekwisha kutiwa. Nikaficha daftari ndani ya shati, nikasimama nje, mvua ikaninyeshea mpaka nikalowa. Darubini, kwa hiyo, ni yangu, na shemeji anaweza kuacha kuniulizia mkoba.

Tulipokuwa tumejibanza chini ya majani, Tata Mulenga alikuwa bado anatazama kidole chake chenye masizi.

"Sasa," akaniuliza, "hii kidole yangu, inanipeleka wapi?"

"Haikupeleke fasi yoyote, tata," nikamjibu. "Unabakia hapa."

Mvua ilikuwa inapiga. Kisha akaniomba daftari, akapangusa kidole cha mkono wa pili kwenye masizi, akasema, "Basi na hii inabakia," akakitia nacho.